Mlango wa Kijivu

Jengo letu lina lifti kumi na mbili
na kila moja inajua uendako kabla hujaingia.
Unagusa kadi, kioo kinakupa herufi,
unasimama mbele ya herufi yako kama mtoto wa shule mstarini.
Wa ghorofa ya tisa hapandi na wa ishirini na sita.
Siku ya uzinduzi msanifu, Ximena Larraguibel,
alisema hivyo kila safari inaokoa sekunde arobaini.

Mimi ni mhasibu. Nimepiga hesabu:
safari nne kwa siku, miaka sita,
saa sitini na nne.
Sijui zimewekwa wapi.

Ghorofa ya kumi na tisa, upande wa Biobío,
madirisha hayafunguki. Jua likichachamaa
vioo vinajitia giza vyenyewe
na mto unageuka rangi ya chai iliyolala.
Taa huwaka kwa kumwona mtu akisogea.
Nikizama kwenye mizania nusu saa nzima
zinazima: jengo limeamua sipo.
Nainua mkono, naipungia dari,
na dari inanirudisha miongoni mwa walio hai.

Kuna chumba cha kunyonyeshea,
kuna chumba cha kusalia chenye zulia lisilo na dini,
mkahawa unaopima supu kwa gramu,
na juu ya paa mizinga miwili ya nyuki;
asali wanapewa wateja, sisi tunapewa picha yake.
Maji ya mvua hushuka kwa mabomba hadi vyooni.
Hilo nalipenda kweli.

Na chini, chini hata ya maegesho,
jengo zima limelazwa juu ya mito sitini,
si ya kupita maji, ya kulalia,
mito ya mpira yenye moyo wa risasi.
Mtunzaji wake ni Hortensia Quilodrán.
Kila Jumanne hushuka na tochi na rula ya chuma,
anapima mmoja mmoja, anaandika daftarini kwa penseli.
Umeme hukatika, asema, daftari halikatiki.

Alhamisi moja ya Agosti, saa tisa na dakika kumi,
vijiko vikaanza kusemezana vikombeni.
Kisha ghorofa ikaondoka,
ikaenda polepole kuelekea mtoni,
ikafikiri,
ikarudi.
Hakikuanguka kitu, hata kalenda.
Ila taa zote ziliwaka, mpaka za stoo,
maana kila kitu kilisogea,
na kwa mara ya kwanza jengo likaona kila kitu ki hai.

Lifti zikajifunga kama zilivyofundishwa.
Tukausukuma mlango wa kijivu
nilioudhania wa mafundi.
Ndani: zege tupu, harufu ya saruji, ngazi,
na watu.
Mwanasheria wa ishirini na sita amevaa soksi tu.
Binti wa ghorofa ya tisa amekumbatia chupa ya maziwa yake.
Mzee Abdón Riffo, wa usafi, anapanda tunaposhuka,
"Nimeacha bomba wazi!"
Na bwana mrefu mwenye mkono kiunoni.
Nikamuuliza, sijui kwa nini:
"Wewe ndiye unayeburuta kiti juu yangu kila saa tano?"
"Ni mimi," akasema. "Mgongo."
Tukashuka ghorofa kumi na nane tukiongelea mgongo.

Uwanjani Hortensia alitokeza wa mwisho,
vumbi hadi kwenye nyusi.
"Limekwenda sentimita kumi na moja," akasoma,
"limerudi zote, kasoro milimita tatu."
Watu wakapiga makofi.
Mimi nilirudi nyumbani na zile milimita tatu;
mhasibu gani hulala na kasoro isiyo na maelezo?

Kesho yake tukapangwa tena kwa herufi.
Saa tano, kiti kikaburutwa juu ya dari.
Nikainua mkono.
Taa zilikuwa zinawaka tayari.