Upande B Unaanza na Makofi

Usiku wa kwanza. Ukumbi wa Reli, Tanga. Kaseti ya dakika tisini.
Besi imevimba kama mguu wenye matende,
tumba huzisikii mpaka wimbo wa tatu,
maana nilikaa nyuma ya kreti za soda
na kila aliyefungua chupa aliifungulia sikioni mwangu.
Uzi wa pili wa Shemhilu umepanda kidogo, naye hajui.
Alama: tano.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Usiku ule ningewapa kumi na nauli ya kurudi.

Walijiita Mwamba, wakapiga roki,
na asiyeelewa jina
alieleweshwa na spika.

Usiku wa pili. Makorora, uwanja wa wazi.
Umeme unakatika katikati ya "Kamba za Mkonge".
Usiruke.
Ni dakika mbili za Mhina peke yake na ngoma zake,
watu wanampigia makofi kombo,
naye hawagombezi, anawavuta,
kama mtu arudishaye mbuzi zizini bila fimbo,
mpaka uwanja mzima unakanyaga alipokanyaga yeye.
Ndipo jenereta inakohoa
na gitaa linarudi katikati ya neno.
Wanaoruka kipande hiki hawana masikio, wana mapambo.
Mwakidege ana mafua. Anasema mwenyewe,
"Tanga, mtanisamehe,"
na Tanga haisamehi, inacheka.
Alama: saba. Nane, kama unasikiliza usiku.

Usiku wa tatu. Hapa ndipo penye kesi.
Ngamiani, Jumamosi, mwaka wa foleni za sukari.
Ukumbi ule ulibeba watu mia tatu.
Walioniapia kwamba walikuwemo, mpaka leo, nimehesabu mia tisa,
na wote wanataja solo moja.

Kwenye mkanda iko hivi:
Mwakidege anamaliza ubeti, anasema, "Haya, Shem,"
Mhina anapiga manne,
gitaa linapanda ngazi moja,
ya pili,
tak.

Upande B unaanza na makofi.
Makofi marefu, ya watu waliosimama.
Mmoja anapiga mbinja.
Mwanamke, karibu kabisa na maiki, anasema,
"Mungu wangu, yule mtoto kafanya nini?"
Bibi, nami nauliza. Mwaka wa arobaini huu.

Nimezunguka kuokota.
Chambi fundi redio alinipigia mluzi unaoteremka.
Bi Nasra wa Chumbageni akasema hapana, ulipanda,
ukakaa juu kama paka darini, hautaki kushuka.
Kiluwa aliyekata tiketi mlangoni anasema hapakuwa na solo:
uzi ulikatika, Shemhilu akacheka,
watu wakashangilia kicheko.
Nikamfuata Shemhilu mwenyewe Muheza.
Anauza vipuri vya baiskeli, vidole vimenenepa.
Alikaza nati, akaifuta grisi, akaniuliza,
"Solo ipi?"

Niandike basi nililokuwa nikiliruka mimi.
Mkanda haukunasa. Betri zilikuwa mpya.
Redio niliiweka juu ya kiti, nikaikabidhi kwa koti langu,
nikaenda kucheza.
Nilikuwa katikati ya ukumbi, macho nimefumba,
upande A ukiisha bila mtu wa kuugeuza.
Niliyekuja na daftari, niliyewasuta wenzangu kwa kupiga kelele,
nilipiga kelele.
Na sikumbuki nota hata moja.
Nakumbuka shati limeloa,
na kisigino cha mtu juu ya dole gumba langu,
na kwamba sikuuondoa mguu.

Sauti: bora kuliko zote tatu. Besi imekaa, tumba zinapumua.
Pungufu: dakika moja, labda tatu.
Alama: tisa.
Ukiiazima, rudisha mkanda kwa penseli, usitumie mashine.
Umechakaa mahali pamoja tu.
Utapajua.