Kipimo cha Ramani

Binti yake alimtangulia kufika,
Chiatura, asubuhi ya theluji iliyochanganyika na masizi,
akaisaini fomu kwa kusimama,
glavu moja bado mkononi.
"Baba asiambiwe," alisema. "Moyo wake hauwezi.
Mwambieni ni kile kikohozi cha mgodini, cha zamani."
Jina lake Lamzira. Kalamu yangu aliondoka nayo.

Kazi yangu si kueleza.
Kazi yangu ni kusema vuta pumzi, zuia, toa;
kumvua mtu saa na mkufu,
kuielekeza skrini upande wangu
kama mcheza karata anavyozificha karata zake.
Mwenye kueleza ni daktari. Na Daktari Nugzar
huwaambia jamaa kwanza, mgonjwa baadaye,
na hiyo baadaye mara nyingi huzikwa naye.

Mficha maradhi kilio humuumbua.
Sawa, lakini methali hiyo inamsuta mgonjwa.
Haikusema neno juu ya mtu
anayefichwa maradhi yake mwenyewe,
yamelala mbavuni mwake, yanakula naye sahani moja,
na mezani ni yeye tu ambaye hajatambulishwa.

Mzee Vazha aliingia na kofia ya sufi.
Miaka thelathini na mmoja alichora ramani za mgodi wa manganisi:
mlima uliokatwa kama mkate, tabaka juu ya tabaka,
penye jiwe, penye madini, penye kuporomoka.
Alinisimulia huku namfungua vifungo,
maana vidole vyake vinatetemeka.
"Watu walishuka chini kwa kuuamini mstari wangu.
Sikuwahi kuwaficha penye maji."

Vuta pumzi. Zuia.
Toa.

Mashine ikanyamaza. Akaketi, miguu ikining'inia,
akauliza, "Umeona?"
"Daktari atakusomea."
"Sijauliza nani atasoma. Nimeuliza kama umeona."
Nimeona.
"Basi mko watatu. Wewe, yeye, na binti yangu,
ambaye jana hakunigombeza kwa sigara.
Mlima ni wangu, na ni mimi tu nisiye na ramani."

Nilimkumbuka Nanuli, mwalimu wa piano.
Aliomba kuona, nikamwonyesha,
na tangu siku ile doa analiona kila mahali:
kwenye mkate, kwenye mwezi, kwenye vichwa vya noti.
Alinilaani sokoni, mbele ya wauza jibini.
Kuona si dawa. Sitakudanganya.

Kwa hiyo nilimuuliza Vazha mara tatu,
kila mara nikimwachia nafasi ya kughairi:
ukishaona, hakuna kurudi kutoona.
Ndiyo, alisema. Ndiyo.
Ya tatu hakuisema, alitoa miwani mfukoni.

Nikaigeuza skrini.

Akainama kama aliyeiinamia meza ya kuchorea,
akafuata kwa ukucha mto wa mshipa mkuu,
dari ya mbavu, mahandaki ya pumzi yakigawanyika,
mpaka pafu la kushoto,
weupe mahali palipostahili giza.
"Kwetu madini ni meusi," alisema.
Kisha, "Kipimo?"
Sikumwelewa.
"Ramani isiyo na kipimo ni pambo la ukutani.
Hiki hapa, kwa mwili wangu, ni kikubwa kiasi gani?"
Sentimita nne na nusu.
Akazipima hewani, kidole gumba na cha shahada,
akakitazama kile kipande cha hewa
muda mrefu kuliko alivyoitazama picha.

Saa nane Daktari Nugzar ameniita ofisini.
Nimekwisha kuijua sauti atakayotumia.

Lakini kabla ya hapo, kupitia kioo cha mlango,
nilimwona mzee akimfikia Lamzira kwenye benchi.
Walichosemezana sikukisikia.
Aliinua mkono tu, vidole viwili
bado vimeachana vilevile,
na binti akaupokea kwa mikono yake yote miwili,
polepole, kama mtu anayechelea
kuvuruga kipimo.