Sifuri Kabla ya Moja

Perez Adongo aliileta Jumamosi
imefungwa kwa leso, kama kuku wa kupelekwa ukweni,
akaitua mezani kwangu katikati ya vioo vilivyopasuka.
"Ya mama," akasema. "Haijawahi kumpata mtu sahihi."

Hapa Kibuye mimi huletewa simu zilizotumbukia chooni,
simu zilizokanyagwa na bodaboda,
simu za wapenzi zilizorushwa ukutani.
Hii ilikuwa nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia,
mkonga umepauka pale kiganja kilipozoea,
waya wake wa kitambaa umeliwa na panya.

Nikaipindua. Kibandiko kimekwanguka,
zimesalia herufi nne: HOLM.
Si ya Mwingereza, nikamwambia. Za Mwingereza nazijua.
Nikaisugua kwa kidole gumba, nikanusa:
harufu ya dawa, ya wodi iliyopigwa deki.
"Mama alikuwa nesi," akasema Perez,
"alisomea huko kwenye theluji,
akarudi nayo kwa ndege, ameipakata."

Siku tatu.
Kengele mbili za shaba nikazilaza kwenye maji ya ndimu.
Mwili nikaupaka dawa ya meno, duara juu ya duara,
mpaka nikaiona pua yangu.
Chembe za makaa kwenye kipaza sauti zilikuwa zimeshikana;
nikakigonga kikopo chake pajani, taratibu,
kama mtoto aliyepaliwa.
Gurudumu likapata tone moja la mafuta ya cherehani
likaanza kurudi, trrrr, bila haraka,
mtu anashuka ngazi huku akihesabu.

Nami nikahesabu naye.
Nilizungusha tatu, ikagonga mara nne.
Nilizungusha saba, ikagonga nane.
Nikaifungua. Nikaifunga. Nikaifungua tena.
Nikalala na hasira na bisibisi.

Alfajiri, chai haijachemka, nikaitazama uso.
Uso tu, kama unavyomtazama jirani wa miaka mingi
ukagundua leo kwamba ana kengeza.
Sifuri haikuwa mwisho, nyuma ya tisa, ilivyo kwetu.
Ilikuwa mwanzo. Kabla ya moja.
Huko ilikozaliwa, sifuri ni hodi ya kwanza,
moja ni hodi mbili.
Haikuwa mbovu. Ilikuwa mgeni.

Perez alicheka, kisha akaacha kucheka.
Kesho yake akaja na daftari la kliniki,
jalada la kijani, wino wa bluu:
*Duka la dawa, 1743. Shuleni kwa Perez, 2198.*
"Tulipofiwa tulizipiga zote, kwa simu ya jirani.
Hakuna hata moja iliyokuwa ya mtu wake.
Mjomba akasema, dada alianza kusahau zamani.
Tukaamini. Hata tukamsamehe."

Nikachukua penseli.
Kila tarakimu ongeza moja; tisa iwe sifuri.
Elfu moja mia saba arobaini na tatu
ikawa mbili nane tano nne,
naye akaiwekea kidole:
"Hii ilikuwa ukutani kwa Jivraj! Kwa rangi nyekundu!"

Basi hakusahau kitu.
Miaka kumi na minne, kila aliponyanyua mkonga,
alipunguza moja kichwani, hakumwambia mtu,
labda kwa aibu ya kubeba chombo kutoka mbali
kikaja kuongea kwa lafudhi.

Laini hakuna; nyaya za mtaa wao ziliibwa kitambo.
Hata hivyo Perez alikaa kwenye stuli yangu
akazungusha moja, saba, nne, tatu,
akasikiliza mpaka gurudumu likatulia.
Hakusema lolote. Nami nikajifanya natafuta skrubu.

Kisha akauliza bei. Elfu mbili, nikasema.
Akafungua pochi, akahesabu noti za mia,
kumi na tisa.

"Ongeza moja," nikamwambia.