Kamba ya Mafundo Matatu

Fundi Ludeki alikuja na mchoro:
ngazi tano mbele ya mlango, nguzo mbili.
"Nyumba lazima uipande," akasema,
"ndipo Mbale nzima ijue mmejenga."
Nikatoa kamba ya katani mfukoni.
Ilikuwa na mafundo matatu.

La kwanza: mkono wa Minayo, miaka minne,
akijinyoosha kuitafuta taa.
La pili: kiwiko cha mama
asubuhi za baridi, goti linapokataa kazi.
La tatu sikulieleza. Upana wa kiti cha magurudumu
cha kaka yangu Asige, ambaye kila Krismasi
tulimwingiza ndani kama gunia,
naye akicheka, akitazama pembeni
asituone tukihema.

"Swichi hapa. Bomba la kushikia hapa.
Mlango usipungue hapa. Na kizingiti kiondoke."
Ludeki akakuna kidevu.
Kizingiti, kwake, ndicho nyumba yenyewe:
kinachozuia maji, nyoka na aibu.
Tukabishana hadi chai ikapoa.
Mwishowe akachimba mfereji mbele ya mlango,
akaufunika kwa wavu wa chuma, huku akinung'unika,
kisha akalaza saruji kati ya majabali mawili,
mteremko mrefu, usio na haraka,
akaukwaruza kwa ufagio ukiwa mbichi
ili mvua isiugeuze sabuni.

Wa kwanza kuupanda hakuwa Asige.
Alikuwa kuku, na vifaranga saba.
Kisha toroli la saruji iliyobaki,
likisukumwa na Ludeki mwenyewe,
aliyefika juu, akageuka, akatazama chini
kama mtu aliyekuta noti katika koti la zamani.

Mama hakulitaka lile bomba la ukutani.
"Hilo ni la wagonjwa."
Akaanika juu yake vitambaa vya jikoni,
kimoja kimoja, mpaka likawa kamba ya nguo.

Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikigonga mabati,
stima ikapotea.
Nikasikia kiganja kikiteleza kwenye chuma,
taratibu, toka chumbani hadi msalani,
na kitu chepesi kikianguka, tena, na tena.
Sikuwasha tochi.

Asubuhi vitambaa vilikuwa sakafuni,
vimefuatana kama nyayo.
Mama alikuwa akikoroga uji, mgongo kwangu.
"Paka," akasema. "Ameangusha vitu."

Hatujawahi kufuga paka.