Kipande Kilichopinda

Jesenice. Theluji dirishani. Zdenka anazungushia waya
kipande cha chuma, anasogeza sumaku
taratibu, na spika inatatarika:
chumvi motoni.
"Kila mlio," ananiambia, "ni ukuta
ulionaswa na dosari, ukachomoka."

Kipande cha pili kililala tanurini usiku kucha.
Chembe zake zimejipanga safu kwa safu.
Sumaku ikija, kinakubali;
ikienda, kinasahau.
Spika karibu kimya.

Kile cha kwanza babake alikifua kwa nyundo, kikiwa baridi,
mwaka kiwanda kilipofungwa.
Kimejaa mikunjo isiyoonekana.
Hakikupata mnunuzi.

Sumaku tumeiondoa tangu asubuhi.
Jioni hii bado kimeng'ang'ania
sindano ya Zdenka,
ile ya kushonea vifungo.