Mbili kwa Mbili

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kazi yangu
ilikuwa kupanda ngazi na kutundika namba
kwenye ubao wa Port Ansel, kaskazini mwa Ontario:
vibati vyeupe, sifuri hadi tisa.
Usiku wa kwanza nikatundika tisa ya wageni,
wakafunga tena,
na kibati cha kumi sikuwa nacho.
Baba, mtunza alama, akaninong'oneza: iache hapo hapo.
Ndiyo maana kitabuni tulifungwa tisa.

Timu iliitwa Nungunungu.
Orville Stenerud, muuza majiko ya kupashia nyumba joto,
aliianzisha vuli ya sabini na nne
baada ya nungunungu kumtafunia mpini wa shoka
kwa uchu wa chumvi ya jasho lake.
"Mnyama anayekula jasho la mtu," alituambia,
"huyo hashindwi."

Tulishindwa mechi arobaini na saba.

Tulishinda kumi na tatu, na zote nazikumbuka.
Namkumbuka Alphonse Shawanda langoni,
ametoka zamu ya mchana kiwanda cha karatasi,
nywele zinanuka salfa chini ya kofia,
na mama yake nyuma ya kioo anafuma soksi,
hainui macho:
kwa kishindo tu alijua
kisahani kimegonga nguzo au kimemgonga mwanawe.
Namkumbuka Réjean Lachapelle,
aliyecheza ligi kuu siku kumi na mbili
na hakupenda kuulizwa hata moja.
Ndani ya basi alimenya machungwa,
ganda refu lisilokatika,
akalitundika dirishani likaganda kwa baridi.

Mishahara ilipochelewa, Stenerud alilipa kwa majiko.
Réjean alikuwa nayo matatu
katika chumba kimoja cha kupanga.
Alituchekesha: "Nina joto la kuoa wake watatu,
sina nauli ya kumfuata hata mmoja."

Kisha Machi, sabini na sita.
Mvua juu ya theluji siku nne mfululizo.
Asubuhi watu wa benki walikuja na karatasi,
wakazima mitambo ya barafu, wakatia kufuli.
Stenerud hakumwambia mtu. Tiketi mia mbili na sita
zilikuwa zimeshauzwa.

Nilijua kuna kitu, sikujua nini.
Mngurumo ambao hatukujua tunausikia
haukuwepo.
Kipindi cha pili ukungu ukapanda,
wachezaji wakawa viuno na mabega tu,
wanaelea, magongo yanatafuta gizani.
Alphonse alizuia mpira mmoja kwa sikio, nadhani,
maana hakuuona.
Réjean akasawazisha. Nikapanda. Mbili.

Kipindi cha tatu kisahani kikatoka pembeni,
kikaingia dimbwini katikati ya uwanja
na kusimama.
Wanaume kumi na refa wakakizunguka,
hakuna aliyekigusa.
Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa.
Toivo Rautio, dereva wa mashine ya kulainisha barafu,
alileta ndoo na kitambaa,
akapiga magoti, akaanza kuyazoa.
Aliyazoa mpaka wageni wakapanda basi lao,
mpaka mama Shawanda akamaliza kisigino cha soksi,
akakata uzi kwa meno.

Ligi iliandika kwamba tulipoteza.
Mimi sikuandika kitu. Ngazi ilichukuliwa
pamoja na viti na birika la kahawa,
na hakuna aliyekumbuka kuniambia nishushe namba.

Siku hizi jengo ni ghala la manispaa,
limejaa chumvi ya kumwaga barabarani.
Nilipita Oktoba. Mtoto wa Toivo ndiye mlinzi,
akanionyesha mlango wa nyuma kwa tochi:
mbao zimetafunwa toka chini hadi usawa wa goti.
"Huja usiku," alisema. "Wanne, watano.
Tumejaribu kuwafukuza."

Nikamwomba amulike juu.
Alisita, akainua tochi polepole
kupita kilima cha chumvi, kupita mabomba.
Bado zipo. Moja imelala upande.