Kisigino cha Ayikoru

Kwanza alininyang'anya macho.
"Acha kutazama glovu," alisema Balikowa.
"Glovu ni tarishi tu, hajui barua imeandikwa wapi.
Tazama kisigino."

Walukuba, Jinja, ghala lililokuwa la pamba.
Gunia la sukari limeshindiliwa mchanga na matambara,
linaning'inia kwa minyororo miwili ya baiskeli.
Wasoga, Waacholi, Walugbara, na kijana mmoja Mnubi,
sote tunafunzwa kwa Kiswahili chake cha kambini,
kikavu, kisichojua tafadhali.

Ngumi ya ndoana haibishi hodi.
Hupitia uani, unakoanika nguo,
na ukigeuka kuuliza nani
imeshakaa, imeshavua viatu.

Mimi ilinikuta Naguru, mwezi wa pili, raundi ya tatu.
Ayikoru aliipinda kama anayefyeka majani ya ng'ombe,
nami niliiona, naapa niliiona,
nikaisindikiza kwa macho mpaka ikafika.
Siku tisa sikio langu la kulia
lilisaga mahindi ya watu nisiowajua.

"Mkono juu! Kama unapokea simu ya anayekudai:
uubane sikioni, kiwiko ubavuni, maneno machache."
Nikauweka. Akanichapa kwa ndara.
"Umeacha upenyo wa kidole."
Nikauziba. Akanichapa tena,
safari hii bila sababu, au sababu hakuitaja.

Zahanati ya mtaa imeandika ukutani:
Kinga ni bora kuliko tiba.
Balikowa hupita pale akicheka peke yake.
Kinga tupu, asema, ni kulipa riba;
deni liko palepale, na mdai kesho atarudi.
Pokea kwa kulia, na kabla ngozi haijapoa
rudisha kwa kushoto. Usihesabu. Usishukuru.
Na akikunja mkono kwa mbali, akizungukia barabara kuu,
wewe una njia ya mkato: nyoosha, piga katikati,
ufike pua yake yeye akiwa bado kwenye kona.

Kisha akafunga kamba, nguzo hadi nguzo, kimo cha kidevu changu.
Pita chini. Si kwa kiuno:
anayeinama kwa kiuno anatafuta shilingi iliyoanguka,
na ngumi ya chini itamsaidia kuitafuta.
Kwa magoti. Shuka, pita, panda upande wa pili,
uzito wote mguu wa kulia.
Mara mia mbili, kisha nikimbie kuwasha sigiri,
kukanda unga wa chapati kwa mikono inayotetemeka,
na bado nikiwa kibandani, mteja akinyoosha mkono kuchukua chenji,
magoti yangu yanashuka.

Lugogo, mwezi wa nane.
Raundi ya pili. Kisigino cha Ayikoru
kikageuka, kama ufunguo.

Nikashuka.
Mkono wake ukapita juu, na upepo wake, na harufu ya karafuu.
Hakuna aliyeniambia kuhusu mahali hapo,
chini ya mkono uliokukosa:
palikuwa kimya, kama chini ya meza ya mama
wakubwa wakigombana juu.
Ningeweza kukaa.

Lakini kiwiko kilikuwa kimeinuka,
na mbavu zimebaki kama duka lisilo na mwenyewe.
Nikaingiza kulia. Nikapanda na kushoto.
Akasema "ee," taratibu,
kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha motoni.

Usiku, kwenye basi la kurudi,
nilimweleza Balikowa yote: kisigino, karafuu, kimya kile.
Akatikisa kichwa, akitazama miwa ya Kakira ikipita gizani.
Tulipofika Walukuba ndipo nilipokumbuka
nilikuwa nimekaa kulia kwake,
upande wa sikio lililokufa mwaka ambao hausemi,
kwa ndoana ambayo naye, nadhani,
aliiona ikija.

Nikahamia upande wa pili.
Nikaanza upya.